Version ya Kwanza Si Mzaliwa wa Kwanza

Butembo, Alhamisi tarehe 12 Septemba 2013

Kwa Mheshimiwa Président wa Comité, Chama cha Wasafirishaji wa Mboga, Depot ya Rughenda, ambaye pia ni kaka yangu mkubwa wa tumbo moja, Yaya Zorobabel.

Nakala kwa: Papa Hamisi, mwanachama, makatibu wa vituo vya Kipese, Masereka na Beni, ubao wa matangazo wa depot.

Yaya Président,

« Version 1 ndiyo mukubwa, na iko muzima. Version 2 hapana kuingia mu nyumba ya mukubwa wake na kuanza kutoa ordre. Donc tunakamata version 1. »

Maneno hayo ni yako. Papa Henri, katibu wetu, ameyaandika kwenye PV, yaani muhtasari wa kikao cha tarehe 5, ukurasa wa tatu, akayapigia mstari mwekundu na kuyagongea muhuri, ile cachet yake. Nimeyasoma mara nne. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilivaa miwani. Mara ya tatu nilisimama. Mara ya nne nilitafuta kalamu, na ndiyo hii ninayokuandikia nayo, kwa heshima yote unayostahili na kwa hasira yote niliyonayo.

Kwa wale watakaosoma barua hii ubaoni na hawakuwa kikaoni, nieleze kwanza jambo lenyewe. Tangu vita vifunge barabara ya Goma, mboga za Masereka na Kipese zimegeuza uso, zote zinapanda kwenda Beni. Madereva wetu wanapita njia ambayo asubuhi iko wazi na mchana haijulikani. Ndiyo maana chama kilimwomba Asma, binti ya Papa Hamisi, aliyesomea informatique, kazi ya kompyuta, Kampala, atutengenezee tovuti ya ukurasa mmoja tu: gari gani limetoka, gari gani limefika. Asma ameijenga juu ya kiunzi kinachoitwa Symfony. Kiunzi ni kama chasi ya lori: kinabeba kila kitu, lakini hakuna abiria anayekaa juu ya chasi tupu. Juu yake inafungwa maktaba ya JavaScript, yaani fungu la maagizo ambayo mafundi wengine wamekwisha kuyaandika, ili orodha ya magari ibadilike yenyewe machoni pa msomaji, bila yeye kuupakua upya ukurasa mzima kwa modem inayotambaa. Asma alituletea maktaba iitwayo jQuery. Mwaka huu watengenezaji wake wanatoa matoleo mawili kwa wakati mmoja, version 1.10 na version 2.0. Kazi yetu ilikuwa kuchagua moja kati ya hayo mawili. Huu ni mwezi wa tatu tunachagua.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Comité imeulizia ukoo wa kitu kisicho na kitovu.

Katika kikao cha kwanza, kabla hata Fanta hazijafunguliwa, Papa Henri aliuliza: « Iyi maktaba, baba yake ni nani? » Asma, mtoto mwenye adabu, akajibu kwamba imeandikwa na watu wengi wa nchi nyingi. Papa Henri akaweka kalamu chini. « Mutoto wa ba papa mingi! Na munataka tumupatie ufunguo ya depot? » Watu wote wakacheka isipokuwa wewe, Yaya. Wewe uliamuru iandikwe kwenye PV.

Tangu hapo hatukuongea tena juu ya kazi ya maktaba. Tuliongea juu ya nani alizaliwa mbele. Najua jambo hili linatoka wapi, maana na mimi nimelelewa humo. Kwetu Wanande jina peke yake linatosha. Ukiitwa Paluku, dunia inajua wewe ni mtoto wa kwanza wa kiume. Ukiitwa Kambale, kama mimi, dunia inajua kuna mtu alikutangulia mlangoni. Ni desturi nzuri. Inatusaidia kujua nani aanze kunawa mikono. Lakini fundi anapoandika « 2 » juu ya kazi yake, hatangazi kwamba amepata mtoto mwingine. Anasema: nimeirudia ile kazi, nimeondoa uzito, nimerekebisha nilipokosea. Anayemkataza asitumie marekebisho yake mwenyewe haheshimu ukubwa. Anaheshimu makosa.

2. Sheria hii ya ukubwa inatumika pale tu inapomfaa Président.

Lori lako la kwanza, Yaya, la mwaka 1978, limelala nyuma ya depot na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Huyo ndiye mzaliwa wa kwanza wa magari yako. Hajafa rasmi, kwa kuwa sijaona PV ya kifo chake. Mbona Jumatatu hukumpanda kwenda Beni? Ulipanda gari lako la nne, mdogo kabisa, tena ukakaa mbele. Mfukoni una simu tatu, na unayoipokea ni ile uliyoinunua mwezi wa sita.

Tena wewe ni katekista. Kila Jumapili unatusomea Agano Jipya kwa sauti ile ile unayomtetea nayo version 1. Kama cha pili hakiwezi kuongea mbele ya cha kwanza, basi tumwombe Padre atafute kondoo wa kuchinja altareni, na wewe ushike kisu. Na Yakobo? Na Daudi, wa mwisho kati ya wana wanane wa Yese, aliyeitwa kutoka machungani wakati wakubwa wake wamekwisha kujipanga mstari? Niliyauliza haya kikaoni. Ukamgeukia Papa Hamisi ili atoe maoni ya Waislamu, ukidhani utapata mshirika. Papa Hamisi akainua mikono yote miwili: « Miye niko transporteur. Munipe muzigo, nitapakia. Iyi mambo ya nani alizaliwa mbele, mumalize yenu ba ndugu babili. »

Nami namwambia Papa Hamisi hapa hapa, mbele ya ubao: jambo hili si la ndugu wawili. Nitalirudia chini.

3. Maridhiano ya tarehe 22 Agosti ni aibu ambayo hata adui zetu hawangetutungia.

Siku hiyo comité, ili ionekane ina haki, iliamua version zote mbili ziwekwe kwenye ukurasa mmoja, mkubwa aingie kwanza, mdogo amfuate. Asma akaomba ruhusa ya kusema. Akaeleza polepole kwamba zote mbili zinatumia jina moja, na ukurasa unamtii yule aliyeingia mwisho. « Ba papa, mudogo akiingia nyuma, anakamata jina ya mukubwa. Mukubwa anabaki kimya. »

Nilikuona, Yaya. Ulishika mkono wa kiti kama mtu aliye ndani ya gari lisilo na breki. Kwa nusu saa nzima jambo hilo lilijadiliwa kama wizi wa urithi, na mjumbe mmoja akauliza kama kuna mahakama. Hatimaye ukatoa suluhisho: mdogo aingie kwanza, mkubwa aje nyuma kurudisha jina lake. Asma akasema sawa, ila kwa mpangilio huo version 2 haitafanya kazi yoyote, itaongeza uzito wa ukurasa tu. Papa Henri akavuta pumzi ya mtu aliyetua gunia. « Voilà! Afike, asalimie, anyamaze. »

Hayo yameandikwa kwenye PV chini ya kichwa « Maridhiano ». Kwa hiyo, kisheria, mpaka kikao cha tarehe 5 chama chetu kilimwalika mfanyakazi aje kila siku kutoka nchi za mbali, avuke bahari, alipiwe nauli ya modem, asalimie, anyamaze.

4. Kama ni sheria, basi tuifuate hadi mwisho wake.

Mnasema version 1.10 ni mzaliwa wa kwanza. Nani aliwaambia? Kabla yake kuna 1.9, na kabla ya hiyo 1.8, mpaka tufike 1.0 ya mwaka 2006. Hii 1.10 yenu ni kitukuu anayetembea na fimbo ya babu. Ninadai, kwa mujibu wa maneno yenu wenyewe, kwamba version 1.0 itafutwe popote ilipo. Kwamba comité nzima iende kuisalimia, kofia mkononi. Na kwamba ikishindwa kuonyesha hata gari moja, iandikwe kwenye PV, kwa wino mwekundu wa Papa Henri, kwamba mzaliwa wa kwanza ameshindwa.

Na kama desturi ndiyo inayotuzuia, desturi ina mlango. Nyumbani kwetu, mdogo akitaka kuoa kabla ya mkubwa wake, kuna mbuzi anayetoka ili moyo wa mkubwa utulie. Vizuri. Namtoa mimi. Ni beberu mweusi, yuko kwa shemeji yangu Masereka, hana kilema. Apewe version 1 mbele ya mashahidi, naye amwachie version 2 njia. Nilipotoa pendekezo hili kwa mdomo, Papa Henri aliuliza nani atamla mbuzi kwa niaba ya version 1, kisha yeye mwenyewe akainua mkono kabla sijajibu.

Zaidi ya hayo, wajumbe wa comité ni saba, na sita kati yao ni wazaliwa wa kwanza. Nimehesabu. Mimi ndiye wa saba. Ninadai viti viwili vipewe wazaliwa wa pili, kimoja kipewe kitinda mimba yeyote mwenye akili, na kingine kiachwe wazi na kuandikwa jina la version 2, ili kila mjumbe anapopiga kura aone ni nani anayemkandamiza.

Watu wanasema nampigania version 2 kwa sababu mimi ni Kambale. Nakanusha. Ni kweli kwamba koti la komunyo yangu ya kwanza lilikuwa limekwisha kufanya komunyo yako, Yaya, na mfuko wake wa kushoto ulikuwa umetoboka. Ni kweli kwamba baiskeli ya Baba ilinifikia bila mnyororo. Ni kweli kwamba kwa miaka hamsini na mmoja nimekula kipande cha pili cha kuku. Mambo hayo siyakumbuki hata kidogo. Ninaongea juu ya informatique.

5. Sasa lile nililomwahidi Papa Hamisi.

Jéthro mnamjua, dereva wa Fuso ya bluu. Mara mbili kwa wiki anapeleka Beni kabichi na poireaux za mke wake Mariette na za majirani zao wa Kipese. Mwezi wa saba, wakati watu walipoanza kukimbia kutoka upande ule wa Beni wakiwa na magodoro kichwani, Jéthro alikaa siku mbili bila habari. Simu haikupita. Mariette akapanda moto, yaani pikipiki, kutoka Kipese, saa mbili za matope, aje kusoma ubao wetu hapa Rughenda, ambapo tunaandika kwa chaki magari yaliyofika. Mvua ilikuwa imepiga upande wa ubao. Palibaki tarehe, na nusu ya neno Fuso.

Akakaa juu ya gunia la viazi kuanzia Jumanne mchana hadi Jumatano jioni. Kila aliyeingia alimwuliza lile lile: « Amefika ao hapana? Muniambie tu ile. » Wapakiaji hawakujua. Mlinzi hakujua. Wenye simu ya Beni, yaani sisi, tulikuwa chumba cha juu, kikaoni. Nilikuwamo. Nilisikia sauti yake kwenye ngazi, na niliendelea kuongea juu ya Yakobo na Esau.

Jéthro alikuwa amefika. Alikuwa Beni tangu siku ya kwanza, anashusha kabichi na kununua mafuta ya mawese. Hiyo ilikuwa safari ile tu. Juzi amekwenda tena, kesho kutwa anakwenda tena, na Mariette hana kitu cha kusoma isipokuwa ubao wetu, na huu ni msimu wa mvua.

Ukurasa wa Asma uko tayari. Mashine ya kompyuta iko tayari kituoni Kipese, modem iko tayari. Kinachokosekana ni neno moja kutoka kinywani mwako, Yaya, na neno hilo ni « mbili ». Ninaomba, ninadai na kama mdogo wako ninakusihi: futa uamuzi wa tarehe 5, chagua version 2.0, iliyo mpya, iliyo nyepesi, iliyo ya wakati wetu, kabla ya Ijumaa tarehe 20. Ukikataa nitaandika tena, na unajua barua zangu zinavyokua.

Unisalimie shemeji, na watoto wote kwa mpangilio wowote watakaosimama. Msalimie Papa Henri, mwambie sina chuki naye, nina chuki na cachet yake. Salamu kwa Papa Hamisi na nyumba yake, kwa wapakiaji wote wa Rughenda, kwa mapadri wa parokia, na kwa kila dereva aliye njiani saa hii: Mungu awafikishe, sisi tutakuja kuandika kwamba mmefika.

Wako, mdogo kwa kuzaliwa na sawa kwa kura,

Luc Kambale Lusenge
Mjumbe wa saba

N.B. Jumamosi tarehe 14, jioni. Barua hii nilikuwa sijaibandika. Nilitaka kwanza niongeze ushahidi chini yake, ili nikumalize, Yaya. Kwa hiyo leo asubuhi nilimwomba Papa Hamisi atupeleke kituo cha Kipese, Asma na mimi, ili version 2 ifunguliwe mbele ya watu na nirudi na sahihi za mashahidi. Mariette alikuwapo. Jéthro alikuwa ametoka Kipese saa kumi na moja alfajiri.

Mashine ya Kipese ni ile ambayo wafadhili waliileta zamani, kubwa kama sanduku la nguo, inayokula umeme wa panneau ya jua. Programu yake ya kufungulia mtandao ni ile ile iliyokuja nayo, na hakuna nafasi ya kuweka nyingine. Asma akaweka version 2.0. Tukangoja. Ukurasa ukatoka mweupe, kichwa cha habari juu, na chini hakuna kitu. Nikasema ni modem. Tukangoja tena. Mweupe. Nikasema ni wingu limefunika panneau. Papa Hamisi akaangalia dirishani, jua lilikuwa kali, akaniangalia mimi, akatoka nje kukagua matairi. Mariette aliangalia ule weupe kama alivyouangalia ule ubao.

Asma akanisogeza kwenye kiti, kwa adabu, akaweka version 1.10 peke yake. Orodha ikashuka, na habari za Beni alizokuwa amezipata Asma kwa simu. Mstari wa tatu: « Fuso ya bluu, Jéthro. Imefika Beni, saa tatu na dakika kumi. » Mariette akausoma kwa kidole, akausoma tena kwa sauti, akafunga kitenge chake na kwenda shambani. Hakutuaga hata mmoja.

Kisha Asma akanieleza. Version 2 ni nyepesi kwa sababu walioiandika wametupa yote yaliyohusu mashine za zamani. Ndiyo maana wanaendelea kutoa version 1 pembeni yake: haikubaki kwa heshima ya umri, ilibaki kwa ajili ya watu kama sisi wa Kipese. Nikamwuliza kwa nini hakusema. « Papa Luc, nilisemaka. Siku ya kwanza niliwauliza: vituo viko na mashine gani? » Nimerudi nyumbani nikafungua PV ya kikao cha kwanza. Swali lake limo, ukurasa wa kwanza, kati ya sala na Fanta. Chini yake Papa Henri ameandika: « Hakuna aliyejibu. » Na chini ya hapo kuna sahihi saba, ya mwisho ni yangu.

Basi, Yaya, version 1. Ulichagua vizuri, na sababu uliyotoa sitakusamehe mpaka tuzikwe. Zile kurasa za juu ningezichana, lakini nimeziandika vizuri, naziacha. Ila naongeza dai moja, na si kwako.

Ninyi makatibu wa vituo vya Masereka na Beni. Mashine ya Kipese nimeiona kwa macho yangu. Zenu hatujui chochote. Washeni leo. Someni jina la programu mnayofungulia mtandao, na namba yake, yote, bila kufupisha. Andikeni kwenye karatasi, mpeni dereva wa kwanza anayeshuka Butembo, na mwambieni aipeleke mkononi mwa Asma, nyumbani kwa Papa Hamisi. Asiilete kwenye comité.